Jua, Chungwa na Vitamini katika Uwanda wa Singida

Miongoni mwa neema ambazo mkoa wa Singida haukupungukiwa nazo, nuru ya jua inastahili kutajwa mwanzo, kwa kuwa uwanda ule, ulioinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kukaa karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, huwa na mbingu iliyo wazi tangu mvua zinapokatika mwezi Aprili au Mei hata mawingu yanaporejea mwezi Novemba, na katika muda huo wote jua huchomoza, hupanda na kutua bila ya kizuizi cha maana mbele yake. Neema ya pili, ambayo ni maji, haikugawiwa kwa ukarimu kama huo: sehemu kubwa ya mkoa hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, ilhali mchungwa ni mti unaotaka kunywa mwaka mzima, na mkulima wa Muheza mkoani Tanga huupanda akitegemea mvua zinazopita milimita 1,000. Kwa sababu hiyo, machungwa mengi yanayoliwa Singida mjini, Manyoni na Kiomboi hayakuzaliwa huko. Yamesafiri kwa lori kutoka mikoa ya mashariki, na hasa kutoka Muheza, kwa njia ya Chalinze, Morogoro na Dodoma, mwendo unaozidi kilomita 700, na machache tu ndiyo matunda ya miti iliyopandwa nyuani na mabondeni kwa maji ya visima.

Hali hiyo ndiyo inayoifanya Singida kuwa mahali panapofaa kuulizia suala hili: je, nuru huongeza au hupunguza vitamini iliyomo katika chungwa na jamaa zake, yaani chenza, ndimu, limau, danzi na balungi? Mtu wa bustani hujibu upesi kwamba nuru huongeza. Mtu wa jikoni hujibu upesi kwamba nuru huharibu. Na wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa wakati anaouzungumzia. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja moja baada ya nyingine, ni kwamba katika nchi yenye jua kama Singida faida ya nuru mtini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa nuru huko haijapata kuwa haba, lakini hasara ya nuru, pamoja na wenzi wake joto na hewa, baada ya tunda kukatwa kikonyo, ni kubwa kuliko inavyotiwa maanani, nayo haiishii katika chungwa.

Vitamini inayokusudiwa kwanza hapa ni vitamini C, ambayo wanakemia huiita asidi askobiki, nayo ni kitu ambacho wanyama walio wengi hujitengenezea wenyewe kutokana na sukari iliyomo mwilini. Mbuzi anayelishwa katika mbuga za Ikungi huifanya kazi hiyo ndani ya ini lake kila siku bila ya kuonja tunda lolote. Mchungaji wake hawezi, kwa kuwa wanadamu, pamoja na sokwe na jamii nyingi za nyani, walipotewa zamani sana na kimeng'enya kimoja kinachohitajika mwishoni mwa kazi hiyo, na tangu hapo wakawa wadeni wa mimea. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kadiri inayopatikana katika chungwa moja la wastani, maana gramu 100 za nyama ya chungwa huwa na miligramu kama 50. Mtu akiikosa kabisa kwa miezi kadhaa hupatwa na kiseyeye: fizi huvimba na kuvuja damu, meno hulegea, makovu ya kale hufunguka, na asipotibiwa hufa, ingawa dawa yenyewe ni tunda.

Pwani yetu ina nafasi yake katika tarehe ya maradhi hayo. Ibn Battuta, alipofika Mombasa mwaka 1331, aliikuta ina ndizi, malimau na utruji, ambao ni jamaa mkubwa wa limau mwenye ganda nene. Na merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya mji huo huo mwezi Aprili 1498, zikiwa na mabaharia wagonjwa, mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa habari za safari ile aliandika kwamba wagonjwa wao walipona pale, akaisifu hewa nzuri ya mahali. Lakini Wareno walipofika tena Malindi Januari 1499, wakitoka India na wenzao wengi wakiwa wamekufa njiani, walituma mtu pwani awatafutie wagonjwa machungwa, dalili ya kwamba jambo fulani lilikwisha kuanza kuwabainikia. Ilipita miaka kama 250 kabla ya tabibu James Lind, mwaka 1747, kuwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita na kuipa kila jozi dawa yake, akaona wawili waliopewa machungwa na malimau wanainuka upesi kuliko wenzao wote. Na ilipita karibu miaka 200 mingine kabla ya Albert Szent-Györgyi, aliyeitenga asidi yenyewe mwaka 1928, kuthibitisha mwaka 1932 kwamba hicho ndicho kitu kilichowaponya. Nimeyataja haya kwa ufupi ili msomaji atambue kwamba tunda tunalolijadili lilipimwa kwa uhai wa watu kabla ya kupimwa kwa chupa za maabara.

Sasa tuutazame mti. Jani la mchungwa hupokea nuru na kuitumia kuunganisha maji na hewa ya ukaa hata ikapatikana sukari, na sukari hiyo, ikisafiri kupitia kikonyo hadi ndani ya tunda, ndiyo malighafi ambayo kwayo tunda lenyewe huunda sehemu kubwa ya asidi askobiki yake. Njia kuu ambayo mimea huifuata katika kuigeuza sukari kuwa vitamini C ilielezwa mwaka 1998 na Wheeler, Jones na Smirnoff, nchini Uingereza, na uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba baadhi ya vimeng'enya vya njia hiyo huamshwa na nuru na kulegea gizani. Kwa hiyo nuru ina kazi mbili mbalimbali: huleta mali ya kufanyia kazi, na huagiza kazi ianze. Iko sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo inayofumbua mengi: nuru inapozidi kiasi ambacho jani au ganda linaweza kukitumia, huzaa ndani ya mmea oksijeni kali yenye kudhuru, na asidi askobiki ni miongoni mwa ngao ambazo mmea huzitumia kuizima. Mti haukuiweka vitamini hii katika tunda lake kwa ajili ya kutuponya sisi fizi. Huitengeneza kwa haja yake wenyewe, na inapozidi haja ya ngao, na ngao huongezwa.

Ushahidi wa mambo haya katika jamii ya michungwa ni wa zamani na ni mzuri. John Sites na Herman Reitz, waliofanya kazi katika kituo cha utafiti wa machungwa cha Lake Alfred huko Florida, walichuma machungwa ya Valencia moja moja, wakiandika kila tunda lilikaa upande gani wa mti, juu au chini, nje au ndani ya matawi, na katika makala zao za mwaka 1949 na 1950 walidhihirisha kwamba mti mmoja hauna chungwa la namna moja: yaliyo nje yenye kupigwa na jua yalikuwa na sukari zaidi na vitamini C zaidi kuliko yaliyojificha ndani. Mwaka 1948 Winston na Miller, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walikuwa wamekwisha kulinganisha matunda ya juani na ya kivulini wakapata natija ya namna hiyo hiyo. Katika miaka ya karibuni, watafiti wa Valencia nchini Hispania waliyafunika matunda yakiwa bado mtini, wakaeleza mwaka 2015 kwamba ganda lililonyimwa nuru hukusanya asidi askobiki kidogo kuliko ganda lililoachwa wazi. Na mwaka huo huo wenzao wa Japani walichukua vile vifuko vidogo vya maji vilivyomo ndani ya chungwa, chenza na limau, wakavilea maabara chini ya taa za rangi ya buluu, wakaona vitamini inaongezeka.

Hapa msomaji makini atagundua neno moja ambalo halifai kupitwa: ganda. Katika chungwa zima, ngozi ya nje yenye rangi ndiyo iliyosheheni vitamini C kuliko sehemu nyingine kwa kila gramu, nyama nyeupe iliyo chini yake huifuata, na maji ya chungwa, ambayo ndiyo tunayoyatafuta, huwa ya mwisho. Hata imekadiriwa kwamba robo tu ya vitamini C yote ya tunda imo katika maji yake. Nuru hulipiga ganda kwanza, na athari yake hudhihirika zaidi katika ganda, yaani katika kile ambacho mlaji hukitupa au humpa mbuzi. Maji yaliyomo ndani hufaidika kwa njia ndefu, kwa sukari inayoletwa na majani ya jirani, na ndiyo maana tofauti kati ya chungwa la juani na la kivulini ipo, inapimika, lakini si tofauti ya kumfanya mtu alikatae tunda alilopewa.

Tukiyachukua maarifa haya na kuyaleta Singida, yatupasa kuyapima upya, kwa kuwa Florida iko mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la mchana huegemea kusini mwaka mzima na upande mmoja wa mti hupendelewa daima. Singida haina upendeleo wa namna hiyo. Jua hupita juu ya utosi mapema mwezi Machi, likaelekea kaskazini, likarudi juu ya utosi mapema mwezi Oktoba, kisha likashukia kusini kwa miezi mitano ambayo mingi yake ni ya mawingu na mvua; kwa hiyo kila upande wa mti hupata zamu yake, na tofauti kubwa inayobaki ni ile ya nje na ndani, ya kilele na vitawi vya chini. Matunda yanayopevuka katika kiangazi hukutana na jua la upande wa kaskazini, na mwenye miti michache nyuani anaweza kuliona hilo kwa macho yake akichunguza ni upande gani unaotangulia kuiva.

Walakini kuwa na nuru ni jambo moja, na kuweza kuitumia ni jambo jingine. Jani la mchungwa hushiba nuru upesi: likipata kiasi cha theluthi moja ya jua kamili la mchana, huwa limefikia karibu upeo wa kazi yake, na nuru inayozidi hapo haliongezei sukari, huliongezea joto. Joto likipanda na hewa ikawa kavu, jani hufunga vinyweleo vyake ili lisipoteze maji, na likivifunga, hewa ya ukaa haiingii, na kazi yote husimama huku jua likiendelea kuwaka. Jifon na Syvertsen, katika kituo kile kile cha Lake Alfred, walionyesha mwaka 2003 kwamba kivuli cha wastani kilichotandazwa juu ya miti ya jamii hii kiliyawezesha majani kufanya kazi zaidi kuliko yaliyoachwa katika jua tupu. Ikiwa natija hii imepatikana Florida, penye mvua nyingi na hewa yenye unyevu, basi mtu anayepanda mchungwa Mkalama au Itigi ana haki ya kuamini kwamba mchana wa Septemba mti wake haulilii nuru, unalilia maji.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoihesabu nuru peke yake na kutangaza kwamba tunda la nchi yenye jua kali lazima liwe na vitamini zaidi. Machungwa ya nchi zenye joto lisilopoa usiku aghalabu huwa na vitamini C pungufu kuliko yale ya nchi zenye usiku wa baridi, ingawa jua la mchana ni jingi kotekote. Katika jambo hili Singida ina bahati ambayo pwani haina, kwa sababu urefu wake kutoka usawa wa bahari huleta usiku wa baridi mwezi Juni na Julai, na baridi hiyo hiyo ndiyo inayoondoa ukijani wa ganda na kuleta rangi ya chungwa kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Chungwa la Muheza lililobaki la kijani si lazima liwe limechumwa bichi; limeivia mahali ambapo usiku haukulipoza, na mnunuzi anayelidharau kwa rangi yake anajidhulumu, kwa kuwa rangi ya ganda haitoi habari ya vitamini iliyomo ndani.

Ziko sababu nyingine, na kwa insafu yapasa zitajwe hata kama hazikuja na jua. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, hupunguza vitamini C. Potasiamu ya kutosha huiongeza. Shina ambalo mche umebebeshwa juu yake lina usemi wake, na lile la mlimau wenye ganda la mikunjo, linalopendwa kwa kustahimili ukame, limejulikana kuzaa matunda yenye ladha na vitamini pungufu kuliko mashina mengine. Aina ya tunda ndiyo yenye usemi mkubwa kupita yote: chenza huwa na vitamini C kama nusu ya ile ya chungwa, na ndimu, pamoja na ukali wake wote, hailifikii chungwa, jambo ambalo wengi hulishangaa kwa kuwa ulimi huutafsiri uchachu kuwa ni nguvu. Hatimaye kuna kuiva kwenyewe, kwani kila gramu ya tunda changa huwa na vitamini C nyingi, nayo hupungua kadiri tunda linavyojaa maji na kukomaa.

Kwa mkulima mdogo wa Singida mwenye miti mitano au kumi kando ya kisima, ushauri unaotokana na haya yote ni mfupi. Apogoe matawi ya katikati yaliyosongamana ili nuru ipate njia ya kuingia ndani, maana huko ndani ndiko nuru inakokosekana kweli. Atandaze majani makavu chini ya mti ili unyevu usitoroke. Wala asiogope kivuli chepesi cha mti mwingine upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Maji ayapime kwa kuyaonja kabla ya kuyategemea, kwa sababu baadhi ya visima vya mkoa ule vina chumvi, kama yalivyo na chumvi maji ya maziwa ya Singidani na Kindai yaliyoukumbatia mji, na mchungwa ni miongoni mwa miti isiyoivumilia chumvi.

Tunda likikatwa, mambo hugeuka. Sukari haiji tena, wala hakuna jani la kuiagiza. Kilichomo ndani ndicho kilichopo, nacho huanza kupungua. Kwa rehema, jamii ya machungwa imejaliwa kinga mbili ambazo mchicha na pera havinazo kwa kiasi hicho, nazo ni ganda nene lisilopenyeka kwa urahisi na uchachu wa maji yake, kwani asidi askobiki hudumu vizuri mahali penye uchachu. Chungwa zima lililofungwa katika gunia lenye hewa na kusafirishwa usiku hufika Singida likiwa na sehemu kubwa ya vitamini yake, na hata likikaa sokoni siku kadhaa kivulini halipotezi sana. Likirundikwa chini juani, linaloliumiza zaidi ni joto; nuru yenyewe haifiki mbali ndani ya ganda lile. Rundo linalopigwa na jua tangu asubuhi huchemka, hulainika, hupata ukungu, na vitamini huondoka pamoja na ubora mwingine wote. Turubai juu ya nguzo nne, ambalo wachuuzi wengi wamekwisha kulitundika kwa ajili ya vichwa vyao, lina faida kwa bidhaa kuliko kwa mwenye bidhaa.

Kuna desturi moja ya biashara yetu ambayo inahitaji mazungumzo marefu kidogo. Mchuuzi wa stendi huchukua kisu kikali, akalimenya chungwa ngozi ya nje kwa utepe mmoja mrefu, akaiacha ile nyama nyeupe, kisha akayapanga machungwa hayo katika sinia au juu ya mkokoteni, meupe na ya kuvutia, yakimngoja abiria. Kwa kumenya hivyo ameondoa sehemu iliyo tajiri kuliko zote, na pamoja nayo ameondoa vile vifuko vya mafuta na ile nta ya asili iliyokuwa ikizuia tunda kukauka. Likiliwa saa hiyo hiyo hapana hasara ya kutajwa, kwa kuwa maji yaliyomo ndani hayajaguswa, na mimi siwezi kumlaumu mtu anayetafuta riziki kwa kumrahisishia mwenzake kula tunda. Lakini likikaa sinia moja na jua tangu saa tatu hata alasiri, utando wake hukauka na kupasuka, hewa huingia, joto hupanda, na usafi wake nao huwa mashakani kwa vumbi la barabara. Dawa yake ni rahisi: amenye anapoombwa.

Maji ya chungwa yaliyokamuliwa ni hali ya hatari zaidi, kwa kuwa humo ganda halipo kabisa. Hewa iliyochanganyika nayo wakati wa kukamua huanza kuila asidi askobiki. Joto huiharakisha hewa. Na nuru inayopenya jagi la kioo au la plastiki angavu huongeza lake kwa njia ya pekee, kwani mle ndani mna riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo ikipigwa na nuru huamsha oksijeni na kuisukuma iishambulie vitamini C. Jambo hili limechunguzwa sana katika maziwa, ambayo yana riboflavini nyingi kuliko maji ya matunda: chupa ya kioo ikiachwa juani kwa saa chache, vitamini C kidogo iliyokuwamo hutoweka na riboflavini yenyewe hupungua. Katika maji ya chungwa uchachu huzuia kasi, lakini hauzuii yote.

Wanamaji wa Uingereza walijifunza somo la namna hii kwa gharama kubwa. Baada ya kuushinda ugonjwa wa kiseyeye kwa maji ya malimau ya Mediterania, katika miaka ya 1860 walibadili wakachukua maji ya ndimu za West Indies, wakidhani kwamba uchachu ndio dawa. Na safari ya George Nares kwenda Ncha ya Kaskazini mwaka 1875 na 1876, iliyobeba maji hayo ya ndimu, ilirudi na kiseyeye. Mwaka 1918 wataalamu wa Lister Institute ya London walibainisha kwamba nguvu ya maji yale ya ndimu ilikuwa kama robo tu ya nguvu ya maji ya limau, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kilichopotea kwa kukaa katika vyombo, kwa kupigwa na hewa, na kwa kugusana na shaba, ambayo ni hasimu mwingine mkubwa wa vitamini hii.

Nilisema kwamba suala haliishii katika chungwa, na hapa ndipo Singida inapohusika zaidi, kwa sababu familia nyingi za vijijini huko hazipati chungwa kila siku, na vitamini zao hutoka mahali pengine. Pera lina vitamini C mara tatu au nne ya chungwa. Mbuyu, ulioenea Manyoni na kwingineko katika nchi kavu ya kati, huzaa unga mchachu wenye vitamini C inayotofautiana kutoka mti hadi mti lakini ambayo kwa kawaida hulishinda chungwa mara kadhaa, nao umehifadhiwa ndani ya kibuyu kigumu, kikavu na chenye giza. Ubuyu ukikorogwa katika maji baridi ukanywewa, hazina ile humfikia mnywaji. Ukichemshwa muda mrefu na sukari na rangi, sehemu yake huachwa motoni.

Mafuta ya alizeti, ambayo ni fahari ya mkoa na ambayo msafiri wa barabara ya Dodoma huyaona yakiwa yamepangwa kando ya njia katika chupa na madumu angavu, nayo yana habari yake. Hayana vitamini C, lakini yana vitamini E kwa wingi. Na yale yanayoongezwa vitamini A, kama kanuni za nchi za mwaka 2011 zilivyoagiza kwa mafuta ya kula, huwa na kitu ambacho jua hukivunja kwa urahisi kuliko karibu vitu vyote vilivyotajwa humu. Dumu la njano lisilopenyeka au kisanduku cha kufunika meza lingeyafaa mafuta yale kuliko mng'aro unaomvutia dereva.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni mboga. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, majani ya kunde, mlenda, mgagani na mchicha huvunwa kwa wingi miezi michache, na mama wa nyumba huyaanika juani juu ya mkeka au mwamba ili yawe akiba ya kiangazi. Ni maarifa ya zamani, na bila ya hayo watu wangekula ugali mtupu. Hasara yake ni kwamba jani halina ganda wala uchachu wa chungwa. Likitandazwa katika jua wazi, vitamini C yake huondoka karibu yote, na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho, hupungua vibaya. Generose Mulokozi, wa taasisi ya chakula na lishe ya Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walilinganisha mboga za majani za Tanzania zilizoanikwa wazi na zilizokaushwa ndani ya vikaushio vya jua vilivyofunikwa, na katika makala yao ya mwaka 2003 walionyesha kwamba zile za ndani zilibaki na karotini nyingi zaidi.

Kikaushio cha mbao na nailoni si kila nyumba itakipata mwaka huu. Lakini Singida ina kitu kingine kisichouzwa, nacho ni upepo wake, unaovuma kwa nguvu na kwa kudumu kiasi cha kuwafanya wahandisi waufikirie kwa umeme, na katika kiangazi huwa mkavu. Kukausha ni kazi ya kuondoa maji, na upepo mkavu huyaondoa bila ya kuhitaji nuru. Majani yakichovywa kwanza dakika mbili tatu katika maji yanayochemka, ili vile vimeng'enya vinavyoendelea kuila karotini vife, kisha yakatandazwa kwa tabaka jembamba juu ya chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini, chini ya paa la nyasi au kitambaa kizito, upande upepo unakotoka, yatakauka. Na yakikauka yafungwe katika chungu au mfuko usiopenya nuru, yawekwe mahali pasipo joto, mbali na jiko.